Kicheko cha Perusi

Sauti ilitangulia, picha ikafuata. Ukutani mwa maabara ya Chuo cha Utambuzi, katika Dodoma ya mwaka 2091, mwanamke alikuwa akipepeta mtama. Aligeuka, akacheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakatishwa na kikohozi kidogo.

Mwanamke huyo, Perusi, alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja nyuma. Aliyemleta ukutani ni mumewe, Mzee Chilongani, aliyeketi kitini, kichwani amevaa kirejeshi: kofia ya nyuzi laini inayoamsha kumbukumbu moja ya mtu na kuionyesha kama sinema.

"Leo imetoka vizuri, Babu," alisema Vumilia, mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia ya utambuzi.

Tasnifu yake iliuliza swali moja: kumbukumbu ikiitwa mara nyingi, hubaki ileile? Ubongo hauchomoi kumbukumbu kama shati kabatini. Huijenga upya kila inapoitwa, na katika kujenga huko kitu huweza kupotea. Ndiyo maana kamati ya maadili iliweka kikomo cha mara tano kwa kila mshiriki, na picha na sauti zifutwe siku hiyohiyo, zibaki namba tu. Vumilia alitii yote. Karatasi zake hazikuwa na doa.

Ila kila asubuhi mashine ilihitaji kurekebishwa kabla ya kazi, na majaribio ya marekebisho hayaandikwi popote. Profesa wake alimfundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo. Wasomi nao wanajua kunawa mikono! Mzee Chilongani alikuwa akiwahi kufika, na kumbukumbu yake iling'aa kuliko za washiriki wote.

"Babu, tuijaribu mashine kwako kidogo?"

"Jaribu tu, mwanangu. Nitachoka kumwona mke wangu?"

Akajaribu kila asubuhi, kwa miezi minne.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Ungo ulionekana, mtama ukaruka na kushuka. Perusi aligeuka, na mahali pa uso palikuwa na ukungu. Sauti haikutoka.

Vumilia alikagua nyaya zote, akakagua tena. Zilikuwa nzima.

"Mashine imeharibika?" aliuliza mzee.

Ingetosha kuitikia ndiyo. Mzee angekwenda zake nyumbani, na tasnifu ingekamilika mwezi ujao. Vumilia aliliona jibu hilo jepesi likimjia mdomoni, akajichukia.

"Mashine ni nzima, Babu. Mwenye kosa ni mimi. Niliruhusiwa kumwita mara tano. Nimemwita zaidi ya themanini. Nilijua kwamba anaweza kupotea, na bado nikamwita."

Mzee aliivua kofia taratibu, akaiweka magotini. Alifumba macho kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu gizani.

"Simpati," alisema. "Alikuwa anachekaje?"

Machozi yalimtoka Vumilia.

"Usilie. Wewe si umemsikia mara themanini? Hebu nichekee."

Akajifuta uso, akacheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakatishwa na kikohozi kidogo. Hakukosea hata chembe.

Mzee Chilongani aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu, kama mgeni, mpaka mwisho.

"Asante, mwanangu," alisema. "Alikuwa na kicheko kizuri, mama huyo."