Kipande Kilichojisajili

Mzani ulikuwa mtupu, lakini kompyuta ilisema kilo kumi na moja.

"Iko namna gani?" alifoka Katembo, mwenye stoo ya kahawa pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, aliyeamini kila tatizo linaogopa kelele. "Nobert! Ile mashine yako iko inapima hewa!"

Nobert alikagua waya wa mzani. Digrii ya kompyuta, miaka minne ya kupeleka maombi ya kazi kutoka Kasese mpaka Kampala: mwili wake ulishazoea kutosikia uchungu wowote. Hata kibarua hiki alikipata kwa sababu dada yake, Biira, ndiye karani wa mzani. Alitakiwa kuhamishia programu kuukuu ya kupimia kahawa kwenye kompyuta mpya ya Windows 7, naye akaitengenezea kifurushi cha kuisakinisha.

Ndani ya programu hiyo mlikuwa na kipande kimoja kinachozungumza na mzani. Alikiandika Zedekia, fundi wa kompyuta aliyemtangulia Nobert, ambaye mto Lhubiriha ulimbeba na mwili wake haujaonekana mpaka leo. Kipande cha aina hiyo hakifanyi kazi kabla ya kusajiliwa kwenye Windows. Njia ni mbili. Unaandika mwenyewe ndani ya kifurushi kila mstari wa usajili, ili siku ya kukitoa ijulikane nini cha kufuta. Au unakiambia kipande: jisajili. Katika nchi ambayo mgeni hapangi hata chumba kabla mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, hajamwandika kitabuni, Nobert, msomi mzima, alimpa mgeni kalamu ajiandike mwenyewe. Bosi alitaka kazi iishe mbele ya vendredi, yaani kabla ya Ijumaa.

Jumanne mzani mtupu ulisoma ishirini na sita, na Biira akasema vidole vyake vimekufa ganzi. Jumatano alishika sufuria ya chai inayochemka kwa mikono mitupu, akamimina taratibu, na ngozi ya viganja ikabaki sufuriani.

"Kaka, mbona mnanitazama?"

Alhamisi mchana, kilo hamsini na moja. Biira mwenyewe alikuwa na kilo hamsini na nne; zilibaki tatu.

Wakamleta mama Alisi, mganga wa Bwesumbu. Alisimama mlangoni akaziba pua, maana stoo ilinuka tope la mto.

"Huyu mfu wa mto aliingiaje?" alinong'ona.

"Nilimwacha ajisajili," alisema Nobert.

"Akajiandika wapi?"

"Sijui, mama."

"Nyamuhanga, Mungu wetu wee! Huko yunivasiti mnasomea nini, kula? Mimi natoa pepo nikijua limekaa wapi. Mtafute wewe uliyemfungulia."

Nobert aliiondoa programu. Kifurushi kilifuta kila mstari kiliouandika chenyewe, na kipande cha Zedekia kikabaki palepale, kwa kuwa hakikuwa kwenye orodha. Ndipo akaingia kwenye sajili ya Windows kufuta kwa mkono, mstari baada ya mstari, huku maji yakidondoka ndani ya kompyuta iliyokuwa kavu, mpaka akafika kwenye namba inayohesabu wanaokitumia kipande, namba iliyopaswa kuwa sifuri kwa sababu programu ilishaondoka na programu nyingine ya kukitumia haikuwepo, nayo ilisema moja, na alipoagiza kifutwe hivyohivyo, kioo kikamuuliza: *Bado kinatumika. Ukikiondoa, anayekitumia anaweza kukoma kufanya kazi. Kiondolewe?*

Akapeleka mshale kwenye Ndiyo. Nyuma yake, pumzi ya Biira ikakatika.

Akaurudisha kwenye Hapana. Pumzi ikarudi.

"Bonyeza Ndiyo," alinong'ona mama Alisi. "Huyo si dada yako tena, mwanangu. Bonyeza!"

"Kaka," alisema Biira, maji yakimtiririka kidevuni, "huku chini kuna baridi."

Nobert alingoja uchungu umfike. Haukufika. Akabonyeza Hapana.

Mama Alisi aliondoka bila kuaga. Katembo alitazama kompyuta, akamtazama Biira aliyekuwa akiandika uzito wa magunia kwa haraka ambayo binadamu hana, asiombe hata maji ya kunywa, kisha akamgeukia Nobert, akacheka kidogo.

"Wewe ubakie hapa, mutoto yangu. Permanent."

Ndivyo Nobert alivyopata kazi ya kudumu, yenye barua na muhuri. Analala stoo, kando ya jenereta. Umeme wa Bwera unajulikana, na ukikatika kompyuta huzimika, naye ana kama dakika mbili za kuvuta kamba ya jenereta kabla midomo ya Biira haijawa ya bluu.