Mstari wa Njano Chini ya Dirisha la Mama

Marlys Haugen alikunywa kahawa yake amesimama, akitazama vibendera vilivyochomekwa kwenye nyasi za nyumba ya mama yake. Hapa Minnesota huchimbi hata shimo la nguzo ya uzio kabla hujawapigia simu watu wa nyaya na mabomba. Wanakuja, wanapiga rangi ardhini palipopita waya na mabomba, ndipo unashika koleo. Marlys alikuwa amepiga simu na kusubiri, mtiifu kama mtoto wa shule. Nyekundu ya umeme, buluu ya maji, njano ya gesi: zote zilipita mbali, kando ya barabara. Chini ya dirisha la mama, palipotakiwa mtaro, hapakuwa na rangi.

Na mtaro haukuwa wa kungoja. Maji yalikuwa yakiingia chumba cha chini, ukuta umeanza kupasuka, na juu ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mama, ambaye hainuki bila kushikwa. Ardhi ikishaganda kwa baridi, basi tena.

Kesho yake mstari wa njano ulikuwa umepinda. Ulitoka barabarani, ukakatiza nyasi, ukaja hadi chini ya dirisha.

“Watoto wa jirani hao,” alisema kaka yake Orrin, aliyekuja na katapila ya kukodi.

Marlys akapiga simu tena. Akaambiwa asubiri. Tena. Akaja Tess, mpiga rangi, msichana wa kizibao cha kung’aa, akapitisha juu ya nyasi kifaa chake kinacholia penye bomba. Kimya.

“Hakuna bomba hapa, Bi Haugen. Na rangi hii si yangu.” Akaonyesha mkato uliokingama mwishoni. “Hii maana yake ni mwisho: bomba limeishia hapa. Na hizi ni herufi za aliyepiga.”

R.V.

“Ndiye nani?”

“Kwetu hakuna R.V.” Tess alikwishaanza kuondoka. Akageuka, akanong’ona: “Ningekuwa wewe, ningechimba kwa mkono.”

Marlys akakata nyasi zote, mpaka udongo ukaonekana. Rangi ikaenda na nyasi.

Kulipokucha ilikuwa imerudi. Mbichi.

“Mtu wako anajituma,” mama alisema, akipuliza supu yake.

“Mtu gani?”

“Anayepiga magoti hapa nje. Mwambie avae kofia. Kichwa chake kinafuka moshi.”

Nje, Orrin alikwishawasha mashine.

“Zima!”

“Dada, kifaa kimesema hakuna! Unaamini kopo la rangi?”

“Simwamini mtu yeyote, na wewe ukiwemo. Zima hilo dubwana! Penye njano tunachimba kwa mkono, hata kama aliyepiga ni shetani.”

“Basi shetani aje ashike koleo.”

Walichimba wakigombana. Kisha wakachimba bila kugombana. Koleo la Orrin likakwangua kitu laini. Bomba la plastiki, kuukuu, limepasuka. Lilikuwa likipumua.

Harufu ya mayai viza ikawapanda puani.

Walimbeba mama ndani ya blanketi lake, wakakimbia hadi ng’ambo ya barabara, wakapigia simu huko. Watu wa gesi wakaja, Tess pamoja nao, wakafunga.

“Plastiki bila waya wa kuitambulisha, kifaa hakiioni,” Tess alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. “Na halimo kwenye ramani yoyote. Katapila ingelikata tu…”

“R.V. ni nani, Tess?”

“Roald Viken. Mpiga rangi wa zamani, wazee wa kazini wanamsimulia. Alikufa mtaa huu, shimoni. Moto. Nilikuwa sijazaliwa bado.”

Bomba likang’olewa. Mtaro ukakamilika, ukuta ukazibwa, theluji ikaanguka. Mama akarudi kitandani kwake, na Marlys akalala usingizi wa mtu aliyemaliza foleni zote.

Asubuhi alimpelekea uji.

Mstari wa njano ulianzia mlangoni. Ulipita juu ya zulia. Ukapanda mguu wa kitanda. Ukapita juu ya blanketi, ukaishia kifuani kwa mama.

Mwishoni, mkato umekingama.

“Ameniomba radhi kwa ajili ya zulia,” mama alisema, akitabasamu, bila kufumbua macho.

Marlys alisimama na bakuli mkononi. Hasira ndiyo iliyomtoka, maana ndiyo aliyoizoea.

“Na hapa nichimbe wapi?” aliuliza. “Eh? Hapa nichimbe wapi?”

Akaweka bakuli chini. Akaugusa ule mkato.

Ulikuwa bado mbichi.