Visu Nilivyomficha Mama

Kila nikitoka shule, hapa mjini kwetu Mansura, nilimpikia baba chai na kumwagilia mnanaa wa mama. Mama alikuwa amelazwa wiki sita kwa ugonjwa wa akili. Majirani tuliwaambia yuko mji wa Tanta kwa dada yake. Uongo huo ulikuwa wa baba, nami niliutunza kuliko masomo yangu.

Siku moja kabla mama hajarudi, nilitazama filamu kwa rafiki yangu Ingi. Mama mgonjwa anachoma nyumba, mume anakimbia, watoto wanagawanywa. Filamu yenyewe ilikuwa mbovu: mgonjwa hana kazi ila kukodoa macho na kucheka ovyo. Ingi alipiga miayo tangu mwanzo. Mimi nilijikunyata kwenye kiti.

"Rawia, mbona umenywea? Si filamu tu hiyo!" akanitania.

Hata yeye aliamini mama yuko Tanta.

Mama alirudi zikiwa zimebaki siku mbili Idi ifike. Kesho yake asubuhi akajifunga kitambaa kichwani, akamimina samli kwenye unga wa kahki, biskuti zetu za sikukuu.

"Rawia, mwanangu, kiberiti kiko wapi?"

"Sijui, mama."

Akafungua droo atoe kisu cha kukatia tende. Hakukuwa na hata kimoja. Vyote vilikuwa ndani ya mkoba wangu wa shule, pamoja na kiberiti. Mama aliitazama droo, akanitazama mimi, akaelewa. Akanawa mikono, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole.

"Mama yako ndiyo kwanza apate nafuu, nawe unamfanya jambazi?" baba akanifokea alipoona visu mkobani.

Niliingia nikilia. "Nisamehe, mama. Niliona kwenye filamu…"

Mama alinikalisha kando yake kitandani. "Aliyetunga filamu hiyo hanijui. Wewe nimekulea miaka kumi na miwili. Huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, mwanangu. Mgonjwa anahitaji dawa, na watu wa kukaa naye. Ukiogopa, niulize mimi."

Kisha akamgeukia baba aliyesimama mlangoni. "Na habari ya Tanta iishe leo. Mtoto umemfunga mdomo, angemwuliza nani?"

Baba aliinamisha kichwa. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwa majirani kuwaambia ukweli.

Lakini unga uliosahauliwa jikoni tangu asubuhi ulikuwa umeharibika, na mama hakuwa na nguvu za kukanda mwingine. Idi ile tulikula kahki za dukani. Mama alizisifu sana, nami kila aliposifu niliirudisha yangu sahanini.