Maji Kwenye Kikombe cha Kioo

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa pale Kakuma: jua kali mapema, vumbi, na Land Rover ya marehemu kaka yangu Lokol ikiwa wazi boneti mbele ya gereji ya Magloire, fundi Mkongo. Gari lile ni zee kuliko mimi. Wengine wangeliweka makumbusho. Sisi tulilibebesha samaki wakavu kutoka Lodwar.

Nasema marehemu, ingawa shemeji yangu Akaale hakutaka kulisikia neno hilo nyumbani kwake Kanamkemer, pale Lodwar. Msimu wa mvua uliopita, Lokol aliegesha gari juu ukingoni, akaingia kwenye laga iliyofurika, mto wa msimu njiani kwenda Lodwar, kumtoa mama mmoja. Mama alitoka. Kaka hakutoka, na mwili wake hatukuupata hata mchanga ulipokauka. Kwetu mjane huvua shanga zake akiomboleza. Akaale alikataa katakata.

"Mtu hajaonekana. Shanga nitatoa ya nini?"

Kila jioni alimwekea mumewe sahani ya chakula pembeni. Nilimkemea mara nyingi, maana iliniuma kumwona akingoja vile.

Tangu mafuriko hayo, gari lilizimika kila tulipofika laga ile. Kwingine kote lilikwenda vizuri. Magloire alibadilisha koili, akasafisha kabureta, akafunga kitambaa kibichi kwenye pampu akidhani petroli inachemka kwa joto. Wapi! Siku hiyo ndipo alipotuonyesha, mimi na Akaale, kikombe cha kioo chini ya pampu, kinachonasa uchafu wa petroli. Juu petroli, chini maji.

"Mama, batu ya mafuta bamekuibia," alimwambia Akaale. "Njo maji hii. Tena iko na mchanga."

Nilicheka. Hiyo ndiyo faida ya kununua petroli ya chupa barabarani! Lakini Akaale aliinama akakitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Hiyo maji ni ya laga," alisema.

Tulimwaga petroli yote, tukakausha tanki, tukajaza nyingine safi. Magloire alikifunga kikombe kwa mkono wake, kisha akapanda nyuma.

"Tunaenda wote. Mgonjwa unamuona siku iko na homa."

Tulifika laga mchana, jua likiwa utosini. Mchanga mkavu. Hakuna mtu, hakuna mbuzi. Injini ilikohoa. Ikazima.

Magloire alifungua boneti. Nikasogea.

Kikombe kilijaa maji ya kahawia. Injini ilikuwa imezimika, lakini maji yale yalikuwa yakizunguka. Polepole. Nikagusa kioo. Kilikuwa baridi.

"Nilifunga miye mwenyewe," Magloire alinong'ona.

Akaale aliteremka, akatazama, akashuka peke yake hadi katikati ya laga. Akapiga magoti.

"Kumbe uko hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nakungoja nyumbani."

Akaanza kuvua shanga, uzi baada ya uzi, mpaka shingo ikabaki tupu. Wa mwisho ulikuwa na ushanga mkubwa wa buluu, ambao Lokol alimletea kutoka Lokichar walipokuwa wakichumbiana. Alifukia zote mchangani kwa mikono yake, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimlilia mumewe. Mimi pia nililia, na sikuona aibu. Niliamini kwamba sasa angepumzika.

Gari liliwaka mara moja. Hadi Lodwar halikukohoa tena.

Pale Kanamkemer Magloire alitaka kuhakikisha. Alikifungua kikombe, akamimina petroli kwenye karai. Ilikuwa safi. Kitu kikagonga chini ya karai.

Ushanga wa buluu.

Tundu lake lilikuwa limejaa mchanga mbichi. Bomba linaloleta petroli kwenye kikombe kile ni jembamba. Hata punje ya mahindi haipiti. Magloire alifanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma hadi ukutani.

Akaale aliuokota, akaupangusa kwa shuka yake.

"Amekataa," alinong'ona.

Akautunga kwenye uzi, akaufunga shingoni.

Jioni hiyo alipika kama kawaida. Alipogeuka kutafuta sahani ya Lokol, hakuikuta mahali pake. Nilikuwa nimeishika mimi, nikimngoja apakue.