Ufito Niliousahau Shubakani

Nilikwenda kuchukua ufito wangu, basi. Jua lilikuwa linazama, karakana nimeshafunga, njaa inauma, na nyumba ya mdogo wangu iko njiani. Nikajiambia naingia, nachukua, natoka. Dakika tano.

Mimi ni seremala, na niseme mapema kabisa kwamba si mtu wa kuogopa ovyo. Nimetengeneza majeneza peke yangu huku napiga mluzi, mpaka majirani wakasema sina haya. Lakini jioni ile... ngoja nianzie mbali kidogo.

Mdogo wangu na mumewe walirithi nyumba ya zamani kutoka kwa shangazi wa huyo mumewe, mwanamke aliyeishi humo peke yake mpaka alipofariki. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anakuja kama mgeni. Nyumba yenyewe sijui waliijenga wamefumba macho. Kuta zimepinda, sakafu imelalia upande mmoja, na mlango wa chumbani ni mwembamba kiasi kwamba mtu wa kitambi kama mimi anaingia kwa ubavu. Kila samani waliyonunua dukani iliwatia aibu. Kochi lilikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, wakala chakula cha jioni wamelizunguka. Kabati lilirudishwa dukani mara mbili. Nguo zikawa zinakaa kwenye mifuko, na mdogo wangu aliponipigia simu alikuwa karibu kulia.

"Kaka, nyumba hii haitaki vitu vyetu," aliniambia.

Nilimcheka. Nikamwambia nyumba haijui kutaka wala kukataa, ina vipimo tu, na kaka yake anajua kupima.

Katika chumba cha mtoto, pembeni, kulikuwa na shubaka, yaani tundu kubwa ukutani, limeanzia sakafuni, mtu mzima anasimama ndani. Nilisimama humo mwenyewe, kichwa changu kikagusa juu. Nikaona hapa ndipo kabati litakapokaa. Sasa, nyumba iliyopinda haipimwi kwa futi. Futi inakupa namba, na namba haikuonyeshi ukuta umelala wapi. Unachukua ufito ulionyooka, unausimamisha, unauchonga alama kwa kisu kila ukuta unapobadilika. Ukirudi karakanani umeibeba nyumba mkononi. Mzee aliyenifundisha kazi, tukimwita Babu Randa, alikuwa na sheria moja kuhusu ufito. Usiuache ndani ya nyumba uliyoipima. Ondoka nao au uvunje. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia nishike randa, niache mdomo.

Nilitengeneza kabati kwa ufito ule. Siku ya kulipeleka, likazidi urefu wa shubaka kwa kiganja kizima.

Mimi, fundi wa miaka yote hii, nizidishe kiganja kizima? Nikausimamisha ufito humo ndani, nao pia ukazidi, ikabidi niulaze mshazari. Niliona aibu hata sikutaka kufikiri. Nikaliacha kabati katikati ya chumba, nikaondoka nimenuna. Ufito nikausahau shubakani.

Ukakaa humo siku nne.

Basi jioni hiyo ndiyo nilikuwa naufuata. Mdogo wangu alikuwa jikoni anakaanga, akaniambia nipite tu, Kokoto yuko chumbani anacheza. Kokoto ni binti yake, wakati huo ana miaka sita. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa alizaliwa mdogo na mgumu kama kokoto. Mimi sijajaliwa mtoto. Yule ndiye mtoto wangu, na sioni haya kulisema.

Kwenye ujia nikasikia harufu ya chokaa mbichi. Nyumba haikuwa imepakwa chokaa miaka mingi.

Halafu nikasikia sauti.

Krr... krr... krr...

Naijua sauti hiyo kuliko ninavyoijua ya kwangu. Ni kisu juu ya mti. Nikaita, "Kokoto?" Sauti ikanyamaza.

Nilisukuma mlango. Kokoto alikuwa amesimama ndani ya shubaka. Mgongo ukutani, visigino pamoja, kidevu juu, kama mtoto anayepimwa urefu. Ufito wangu umeegemea pembeni yake. Na lile shubaka nililowahi kusimama ndani yake mimi... sasa dari yake ilikuwa imeshuka, imebaki kidole kimoja tu kufika utosi wa mtoto.



Nilipiga magoti nikautazama ufito. Chini ya alama yangu kulikuwa na alama nne nyingine, moja chini ya mwenzake. Siku nne, alama nne. Ya mwisho ilikuwa sawa na utosi wa mtoto, na vipande vya mti vilikuwa bado viko sakafuni. Kisu changu kilikuwa mfukoni mwangu.

"Nani kachonga hizi?" nilimnong'oneza.

"Bibi."

"Bibi yupi, mama?"

"Wa humu." Hakugeuza hata kichwa. "Kasema nisitikisike. Bado kidogo."

Nilimshika mabega nikamvuta. Hakuja. Hakuwa mzito wala hakuwa anashindana nami, alikuwa kama ubao uliopigiliwa misumari. Visigino vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa, na chokaa ilikuwa imelowa. Nilimwita mama yake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaja na mwiko mkononi, akauangusha, tukavuta wote wawili. Mtoto akatutazama tu kwa upole, kama anatuonea huruma.

Mdogo wangu akampigia mumewe, maneno hayatoki vizuri. Shemeji alikuwa barabarani huko. Nikasikia kwenye spika ya simu anaegesha lori. Kisha akatueleza kwamba wakati anasafisha nyumba alikuta gogo limesimamishwa ndani ya shubaka, limefungwa shuka. Shangazi yake alikuwa analipangusa vumbi kila wiki. Alikuwa akisema shubaka lisikae tupu hata siku moja, maana mdogo wake alipotea humo humo ndani walipokuwa watoto, na hakuonekana tena. Watu walichukulia kuwa ni uzee. Shemeji akalitoa lile gogo, akalipasua kuni.

"Lilikuwa na urefu gani?" niliuliza.

"Wa shangazi," alisema. "Tulikuwa tunamtania, tunaliita pacha wake."

Sitajifanya kwamba nilielewa. Mpaka leo sielewi. Ila mikono yangu ilielewa kabla yangu. Niling'oa nguzo ya kabati langu, nikaisimamisha, nikaiegemea kwa mgongo. Nikampa mdogo wangu kisu, nikamwambia achonge alama kwenye utosi wangu.

"Kaka, ya nini hii?"

"Chonga."

Alichonga huku analia. Nilichukua msumeno niliouacha pamoja na kabati siku ile, nikakata. Nikajikata kidole na damu ikaingia kwenye mti, sikujali. Nyuma yangu nikamsikia Kokoto anazungumza na mtu. Kisha akanigeukia kwa macho tu.

"Mjomba," alisema taratibu. "Kasema sasa natosha."

Natosha.

Niliiegemeza nguzo kwenye ukingo wa shubaka, nikaisukuma kwa bega. Nilisema kwa sauti, sijui namwambia nani, kwamba kipimo ni changu, achukue changu. Ukuta ukaguna. Mchanga ukamwagika kutoka juu. Shubaka likapanda, naapa lilipanda, nguzo ikaingia, na mtoto akaniangukia kifuani akiwa wa baridi kama maji ya mtungi.

Nguzo ilikaa vizuri hata karatasi isingepita juu yake. Katika maisha yangu sijawahi kutengeneza kitu kikatosha namna ile.

Ufito niliuvunja, nikauchoma usiku huo huo. Niliwabembeleza wahame, lakini hawakuwa na nyumba nyingine, na wiki zilivyopita woga ukapungua, kama unavyopungua siku zote. Kabati nililitengeneza upya, nikaliweka ukuta wa pili. Mdogo wangu akawa anaipangusa nguzo vumbi. Kokoto akasahau yote. Mimi sikusahau. Jioni nyingine nikiwa kazini nahisi baridi ya ukuta mgongoni, na najua nimesimama wapi. Nilivumilia. Nilijiambia maadamu mimi niko hai, mtoto ni salama.

Imepita miaka tisa. Jana, jua likizama, nilikuwa nafagia karakana. Kokoto akaingia akitokea kwao. Ni binti sasa, ana miguu mirefu ya baba yake, na maneno ya kunitania hayamwishi. Alivua kandambili mlangoni kama kawaida, akaja akasimama bega kwa bega na mimi, akapitisha kiganja kutoka utosini mwake mpaka utosini mwangu.

"Mjomba, tumelingana," alisema, akacheka.

Na mimi nikacheka. Nikamwambia asijidanganye, mimi nimeinama kidogo kwa ajili ya ufagio. Akasema hapana, ana ushahidi. Mchana huo mama yake alimtuma akapanguse vumbi ile nguzo ya shubakani, akajipima nayo. Sawasawa kabisa, hakuna aliyezidi.

Ufagio ulinitoka mkononi.

"Ulijipima vipi?" niliuliza. "Nguzo iko ndani."

"Haikuwa ndani. Niliikuta imelazwa sakafuni, taratibu tu, kama mtu kaipumzisha." Alijikuna kichwa, akanitazama kwa macho ya upole, na macho yale nilikuwa nimewahi kuyaona. "Kwa hiyo nikasimama mimi, nione kama naenea."

Harufu ya chokaa mbichi ilikuwa imejaa karakana nzima. Sikutaka kutazama chini. Nilitazama.

Visigino vyake vilikuwa vyeupe, na kila alipokanyaga palikuwa pamelowa.