Harusi Namba Mbili

"Kwa nini harusi yetu ni namba mbili?"

Mwalimu aliacha kuandika. Vidole vyake vilibaki juu ya kibodi, havipandi wala havishuki.

"Namba mbili ipi, mpenzi?"

"Anwani ya ukurasa wetu inaishia na mbili. Kwani tunaoana mara ngapi sisi?"

Alicheka, ila kicheko chenyewe kilichelewa kidogo.

"Namba moja ilikuwa ya majaribio tu. Kanzidata inahesabu yenyewe."

"Iko wapi hiyo namba moja?"

"Niliifuta zamani." Akainuka, akambusu kwenye paji la uso. "Wewe shughulika na kurasa. Kanzidata niachie mimi. Sawa?"

"Sawa," alijibu Fundi.

Lakini haikuwa sawa. Nawaambieni, kuna "sawa" nyingine hutoka mdomoni tu, moyo umebaki umekunja uso.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, kwenye chumba cha mafunzo ya kompyuta juu ya duka la rangi, wanafunzi hawajaingia. Harusi ilikuwa Jumamosi. Miezi kumi nyuma, Fundi alipanda ngazi zile kwa shida ndogo tu: amechoka na madaftari ya vipimo vya wateja, anataka kujifunza kutengeneza programu ya wavuti ya kuvitunza. Fundi ni fundi cherehani, na jina lake halisi wateja walishalisahau. Umri miaka thelathini na minne, magauni ya harusi za wenzake ameshona hata hesabu imempotea. Sasa alikuwa anashona lake.

Na kilichomponza ni somo la mwezi wa pili. Darasa zima lilikuwa limekodoa macho, hakuna aliyeelewa klasi ni nini kwenye programu, ndipo Mwalimu alipomgeukia.

"Fundi, klasi ni ile pateni yako ya karatasi. Kitu chenyewe ni gauni. Umeelewa?"

"Kwa hiyo kwa pateni moja natoa magauni mangapi?"

"Mangapi utakayo," akajibu, na kumkonyeza.

Fundi alipenda palepale, maskini. Mtu akikueleza jambo gumu kwa lugha ya kazi ya mikono yako, utaachaje kumpenda? Na Mwalimu alimwapia kwamba hajawahi kuoa.

Programu ya kualika wageni ndiyo ilikuwa zawadi yao wawili. Mwalimu aliandaa kanzidata, yaani ghala la majina na majibu ya wageni, Fundi akatengeneza kurasa. Mgeni anafungua kiungo, anaona picha yao, anaandika kama atakuja. Lakini kila Fundi alipoomba somo la kuingia kwenye kanzidata yenyewe, Mwalimu aliahirisha. Wiki ijayo. Tukimaliza harusi.

Mchana alirudi kwenye chumba chake cha ushonaji, akamkuta dada yake anafumua nyuzi kwenye gauni.

"Mbona umenuna kama umeshonea mteja suruali ya mguu mmoja?"

"Hamna kitu, dada."

"Hamna kitu! Mdogo wangu, mimi yule bwana ananitia wasiwasi. Upande wake amealika mama yake na nani? Hata rafiki mmoja wa zamani hana?"

"Ni mpole tu."

"Haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gauni limekwisha?"

"Bado pindo tu, mama."

"Vizuri. Safari hii nataka kila kitu kiende salama."

Mkono wa Fundi ukasimama na pini.

"Safari hii, mama?"

Kikohozi kisicho na mafua.

"Nasema... siku hii. Uzee huu, mwanangu, ulimi unateleza. Haya, kwaheri."

Fundi aliweka simu mezani. Akakumbuka somo jingine, lile ambalo Mwalimu aliwaimbisha darasa zima kama watoto wa chekechea.

"Mtengeneza programu mwenye akili hafuti rekodi. Anafanyaje?"

"Anaficha!"

"Unaweka moja kwenye safu ya 'imefichwa'. Watu hawaioni, lakini ipo. Siku ukiihitaji, unaweka sifuri, inarudi. Semeni wote: usifute..."

"Ficha!"

Sasa mtu huyu, anayekataza kufuta hata jina lililokosewa herufi, lini alifuta harusi?

Alivuta kompyuta katikati ya vitambaa. Nenosiri la kanzidata halikumsumbua, kwa sababu bila hilo kurasa zisingeweza kusoma majina ya wageni. Lilikuwa limeandikwa kwenye faili la mipangilio, faili ambalo Mwalimu mwenyewe alimpa. Njia ya mwongo ni fupi. Akafungua mwongozo, akasoma mwenyewe somo lililoahirishwa, akaandika amri yake ya kwanza: nionyeshe harusi zote, zilizofichwa na zisizofichwa.

Zikatoka mbili.

"Dada," aliita. "Njoo unishike."

Harusi namba moja ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Bwana harusi yuleyule. Ukumbi, wa mji mwingine. Bibi harusi, jina asilolijua, na namba ya simu. Chini yake wageni mia moja na themanini, na wa kwanza kujibu alikuwa mama mkwe: *Nitakuja, nimefurahi sana kumpata binti.*

Fundi akateremka hadi kwenye harusi yake. Mama mkwe, tena wa kwanza: *Nitakuja, nimefurahi sana kumpata binti.* Hakubadilisha hata nukta.

"Labda waliachana," dada alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuiamini.

Fundi alipiga ile namba.

"Haloo?"

"Samahani dada yangu. Namtafuta... bibi harusi."

Mwanamke wa upande wa pili akacheka. "Bibi harusi! Miaka minne hiyo, sasa ni mke tu. Nani mwenzangu?"

"Mumeo yuko?"

"Hayupo, anafundisha kompyuta mji mwingine. Huja mwisho wa mwezi. Jumamosi hii ndiyo alikuwa aje, kasema ana semina. Wewe nani?"

Fundi alijaribu kutamka jina lake, likakataa kutoka.

"Mimi ni namba mbili," alisema.

Mwanamke yule hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, polepole.

"Wewe ni mwanafunzi wake?"

"Ndiyo."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Basi alikuambia klasi ni pateni."

"Umejuaje?"

"Mimi ni mwoka keki, mdogo wangu. Mimi aliniambia ni kalibu ya kuokea. Kalibu moja, keki utakazo."

Fundi alilia. Alilia juu ya gauni lake jeupe mpaka dada akalivuta pembeni lisichafuke, kisha akaona upuuzi wa kuliokoa, akaliachia, wakalia wote.

Ijumaa saa sita mchana, Fundi alipanda zile ngazi na kukaa kiti chake cha mbele. Darasa lilikuwa limejaa. Mwalimu aliingia na shati lake jeupe.

"Jamani, mwenzenu kesho ni bibi harusi, na leo hajakosa kipindi. Igeni mfano."

Wakapiga makofi. Fundi akabonyeza kitufe kimoja. Simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, maana wanafunzi wote walikuwa wamealikwa.

*Taarifa za harusi zimebadilika. Tafadhali fungua kiungo.*

Makofi yakafa. Mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Mungu wangu, hizi picha ni mbili. Bwana harusi ni huyuhuyu."

Simu ya Mwalimu ikaita mfukoni. Mama yake. Akaikata. Ikaita tena, akaangalia jina, uso ukamsawijika. Safari hii hakuwa mama yake, alikuwa mkewe.

"Fundi," alisema. "Umefanya nini? Umefuta nini kwenye kanzidata yangu?"

Fundi alisimama. Bado alimpenda, hilo sifichi, mapenzi hayana kitufe cha kuyazima. Aliivua pete, akaiweka juu ya kibodi.

"Sijafuta kitu, Mwalimu. Si ulitukataza?" Akachukua mkoba wake. "Nimebadilisha moja kuwa sifuri. Wewe ulificha, mimi nimefichua tu."