Kiitikio cha Mukonyo

Mwendwa alifika nyumbani kwa baba yake, Makongeni, saa kumi na mbili jioni, na hasira aliyotoka nayo Ruiru ilikuwa haijapoa hata kidogo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kule Gatongora, mtaa wa Ruiru, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na kuwatilia watu nyimbo kwenye flashi, na wiki haipiti bila mteja kuja akilia kwamba muziki wake umepotea. Lakini nyimbo zilizopotea safari hii zilikuwa za Mukonyo, mama yake, aliyekuwa akiwaanzishia kwaya nyimbo mpaka alipozikwa mwaka jana. Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa ibada yake ya ukumbusho. Kwaya ilikuwa imepanga Mukonyo aanzishe mwenyewe kutoka kwenye spika, nao waitikie kama zamani. Sauti hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya sebuleni tu, si mahali pengine popote.

Na asubuhi hiyo Mbaluka, baba yake, alikuwa amepiga simu kusema hazipo. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema maziwa yameisha.

"Habari ya safari?" Mbaluka akamuuliza bintiye.

"Mbaya. Washa kompyuta, Baba."

Hakumpa hata mkono. Mwaka jana daktari alikuwa amempangia Mukonyo tarehe ya upasuaji. Mbaluka akasema kisu ni cha kuku, akaenda Witeithie kwa mganga, akarudi na chupa ya dawa nyeusi. Kesho yake Mukonyo hakuamka. Mzee akaapa mbele ya ukoo wote kwamba mkewe alijinywea dawa ile mwenyewe. Mwendwa hakumwamini, wala hakuwa na ushahidi. Usiku ule wa dawa simu ya Mwendwa iliita mara tatu, lakini hilo hajawahi kumwambia mtu.

Akafungua programu ya muziki. Majina ya nyimbo za Mama, yote kumi na moja, yalikuwepo, na kando ya kila jina alama ya mshangao. Ndiyo njia ya programu kusema: jina ninalo, wimbo siuoni pale nilipouacha. Akatafuta mashine nzima. Hakuna. Kwaya ile ilirekodi kila upande kivyake, mwanzilishi faili yake na waitikiaji yao, na waliobaki ni waitikiaji peke yao.

Akabonyeza wimbo mmoja wa waitikiaji. Kimya kirefu, mahali ambapo Mukonyo angeuliza. Kisha kwaya: *Ni Bwana... ni Bwana...*

Kimya tena.

Na ndani ya kile kimya, mtu akavuta pumzi.

Mwendwa aliijua pumzi ile. Mama alivuta vile, kwa pua, kila alipotaka kuanzisha. Sebule ikanuka mafuta ya mgando na moshi wa makaa, ingawa jiko lilikuwa baridi tangu mchana.

"Zima," Mbaluka akanong'ona.

"Ulifuta ama ulihamisha?"

Mzee akanyoosha mkono kutafuta swichi.

"Baba, nakuuliza!"

"Nilihamisha. Kwa flashi." Macho yake yakakimbilia mlangoni. "Ilikuwa inaimba kila jioni, Mwendwa. Hata stima ikipotea inaimba. Yule mtu wa Witeithie akaniambia, sauti ikikuuliza usiijibu. Ifukie hapo kwa mlango, isipite tena."

"Kwa hivyo umemzika mama yangu mara mbili!"

Mwendwa alichukua jembe nyuma ya mlango, akachimba nje ya kizingiti kama mtu anayechimbua mhogo. Haikuwa mbali. Kitambaa chekundu, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Akakirarua kwa meno. Flashi ilikuwa na joto, na udongo ulikuwa baridi.

Akaichomeka. Akaionyesha programu wimbo wa kwanza ulipo, nayo, kama kawaida yake, ikauliza kama itafute na zingine mahali hapo hapo. Akakubali. Alama za mshangao zikaondoka moja moja. Kumi na moja zote zikarudi.

Kisha ikaingia ya kumi na mbili.

Haikuwa na jina. Tarehe yake ilikuwa ya leo, na dakika zake zilikuwa zinaongezeka, kama kwamba mtu bado anarekodi.

"Hiyo usicheze... tafadhali, mwanangu..."

Aliicheza kwa sababu alikatazwa.

*Nani alishika kikombe?* Mukonyo akaimba.

Kinywa cha Mbaluka kikafunguka. Miaka ishirini alikuwa sauti ya nne katika kwaya ile. Mukonyo akiuliza, yeye huitikia. Akajiziba kwa mikono yote miwili. Sauti ikapita katikati ya vidole.

*Ni mimi... ni mimi...*

*Nani alinishika taya?*

*Ni mimi... ni mimi...*

Alikuwa analia na kuimba kwa pamoja, wala hakukosea hata noti moja. Mwendwa akamtazama na kufurahi. Tuseme ukweli, alifurahi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Imba," akamwambia. "Jumapili utaimba hivyo hivyo mbele ya kanisa lote."

Akabonyeza kusimamisha. Haikusimama. Akaichomoa flashi. Dakika zikaendelea kuongezeka.

Pumzi ikavutwa tena. Kwa pua.

*Nani nilimpigia...* Mukonyo akaimba, polepole, *...mara tatu?*

Mwendwa akauma midomo. Alikuwa ameiona ile simu. Aliona jina, akaigeuza kifudifudi mezani kwa kuwa alikuwa amechoka na malalamiko ya Mama, akasema atampigia kesho.

Akakaza meno mpaka taya likauma. Ulimi ukajiinua wenyewe.

Kwenye kiti chake Mbaluka alipangusa machozi, akainua kichwa, akaanza kumshikia bintiye sauti ya chini.